Jinsi ya Kuonja Bia Chachu ya Matunda

Bia chachu iliyotiwa matunda huhukumiwa haraka kuliko bia nyingine yoyote. Mnywaji hupiga funda moja, uso ukamkunjamana, akaiweka glasi mezani, na papo hapo akawa ameshaamua kwamba bia hiyo ni kali kupita kiasi, au kwamba ni sharubati tu yenye kileo. Uamuzi huo hutolewa kabla ya wakati wake, kwa sababu funda la kwanza la kinywaji chenye asidi nyingi huukuta mdomo haujajiandaa, na kinachosikika wakati huo ni mshtuko zaidi kuliko ladha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuionja bia ya aina hii kwa utaratibu, ili glasi inapokwisha uwe na jibu la swali ambalo kwa maoni yangu linastahili kuulizwa kuliko mengine yote: je, tunda na uchachu vimeshikana vikawa kitu kimoja, au tunda limemiminwa juu ya bia ili kuifunika?

Uchachu umetoka wapi

Kabla ya kufungua chupa au kopo, inafaa kujua uchachu uliomo umepatikana kwa njia gani, kwa kuwa njia hizo hutofautiana sana na kila moja hukupa sababu ya kutarajia jambo tofauti. Bia ya kawaida huwa na pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ikipungua asidi huwa imezidi) ya kati ya 4.0 na 4.6, ilhali bia chachu nyingi huwa kati ya 3.0 na 3.6. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kipimo cha pH huenda kwa makumi: ikishuka kwa namba moja kamili, ayoni za haidrojeni zinazoleta asidi zimeongezeka mara 10.

Njia inayotumika sana siku hizi katika viwanda vidogo ni ile ya haraka. Mpishi wa bia huchukua maji matamu ya kimea kabla hayajatiwa hamira, akayatia bakteria wa jamii ya Lactobacillus, na kuyaacha katika joto la nyuzi 35 hadi 45 za Selsiasi kwa siku moja au mbili. Bakteria hao hula sukari na kutoa asidi ya laktiki, ileile inayoyafanya maziwa ya mtindi yawe machachu. Asidi ikifika kiwango anachokitaka, mpishi huchemsha maji hayo ili bakteria wafe, kisha hutia hamira na baadaye matunda. Bia ya namna hii huwa na uchachu safi usio na mafumbo mengi, na tunda ndilo hupewa nafasi ya kuongoza. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hutumika kwa uchache sana, kwa kuwa huzuia bakteria hao wasifanye kazi na pia kwa sababu uchungu na uchachu vikizidi pamoja hugombana mdomoni. Kwa hiyo usitarajie uchungu wa maana.

Njia ya pili ni ya subira. Katika bonde la mto Senne, ndani ya Brussels na katika eneo la Pajottenland lililo magharibi yake, watengenezaji wa bia ya lambic huyapoza maji ya kimea na ngano usiku kucha katika beseni pana la chuma lisilofunikwa, wakiacha hamira na bakteria wa hewani na wa ndani ya jengo wayaingie wenyewe. Kisha bia hukaa katika mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja, miwili au hata mitatu. Miongoni mwa wanaofanya kazi humo ni hamira ya Brettanomyces, ambayo Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen aliielezea mwaka 1904, na ambayo huleta harufu za ngozi, nyasi kavu na zizi la farasi. Lambic ikitiwa cheri huitwa kriek, na ikitiwa rasiberi huitwa framboise. Kwa desturi matunda hutiwa kwa wingi, takriban gramu 200 hadi 300 kwa kila lita, na sukari yake yote huliwa na hamira mpaka ikaisha.

Kati ya njia hizo mbili kuna bia nyingine za kuzifahamu. Berliner Weisse ya Ujerumani ni nyepesi, yenye kileo cha karibu asilimia 3, na kwa muda mrefu imenywewa ikiwa imetiwa sharabu nyekundu ya rasiberi au ya kijani ya mmea wa msituni. Gose, iliyopata jina lake kutoka mji wa Goslar na umaarufu wake katika jiji la Leipzig, huongezwa chumvi na mbegu za giligilani. Brazili nayo ina Catharina Sour, mtindo uliopewa jina la jimbo la Santa Catarina, ambao hutegemea matunda mabichi na huwa na nguvu kiasi kuliko Berliner Weisse. Ukikuta chumvi ndani ya Gose hujakuta kasoro, na ukikuta harufu ya zizi ndani ya kriek ya mapipani hujakuta bia iliyoharibika; lakini harufu hiyohiyo ya zizi ndani ya bia ya njia ya haraka ni dalili kwamba kuna kijidudu kimeingia pasipo mwaliko. Ndiyo maana nimeanza na asili ya uchachu kabla ya kugusa glasi.

Kabla ya kumimina

Soma kwanza maandishi ya kwenye kopo. Tafuta kiwango cha kileo, tarehe ya kufungashwa, jina la tunda, na namna tunda lilivyotiwa: tunda zima, rojo, juisi au kionjo tu. Angalia pia kama kuna laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila na ambayo baadhi ya watengenezaji huiongeza ili bia iwe nzito na tamu. Mtu ambaye tumbo lake halipatani na maziwa anapaswa kujua hilo mapema, sawa na yule asiyetumia ngano, kwa kuwa bia nyingi za aina hii hupikwa kwa ngano pamoja na shayiri.

Bia nzito zenye rojo la tunda ambalo halijachachuka zinahitaji uangalifu zaidi. Sukari iliyomo ikikutana na hamira iliyobaki hai katika mahali penye joto, uchachukaji huanza upya ndani ya kopo, gesi hujazana, na kopo linaweza kupasuka. Kopo la namna hiyo likae kwenye jokofu tangu siku linaponunuliwa, na ukiliona limevimba usilifungue karibu na uso. Kwa kawaida rojo hutuama chini, kwa hiyo ligeuze taratibu mara mbili au tatu kabla ya kulifungua, bila kulitikisa. Chupa ya bia iliyochachuka mara ya pili ndani yake huhitaji kinyume cha hayo: isimamishwe wima kwa siku nzima ili mashapo yatulie, kisha imiminwe kwa mkono usiotetereka, na sentimita ya mwisho ibaki chupani.

Joto la bia lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Bia iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu ikiwa na nyuzi 4 hufunga harufu zake na kuuficha utamu, hivyo kinachobaki wazi ni asidi na gesi, na mnywaji huiona kali kuliko ilivyo. Iache nje kwa dakika 10 hadi 15 mpaka ifike nyuzi 7 hadi 10. Ile ya mapipani, yenye mambo mengi ya kusema, naipendelea ikiwa kati ya nyuzi 10 na 13. Glasi inayofaa ni ile yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, kama ya mvinyo, kwa sababu hukusanya harufu mahali pamoja. Ioshe, kisha isuuze sana, maana sabuni kidogo tu iliyobaki huua povu na kuchafua harufu.

Mwili wako nao uandaliwe. Usionje mara baada ya kupiga mswaki, kunywa kahawa au kula pilipili, na usijipulizie manukato. Weka pembeni maji ya kawaida yasiyo na gesi na kipande cha mkate mtupu usio na siagi wala chumvi nyingi.

Macho, kisha pua

Mimina mililita 100 hadi 150 hivi, ukiwa umeinamisha glasi mwanzoni na kuisimamisha mwishoni ili povu lipate kupanda. Usishangae likitoweka upesi. Asidi nyingi na kazi ndefu ya bakteria huzidhoofisha protini zinazolishikilia povu, na baadhi ya matunda huongezea udhaifu huo. Katika aina hii ya bia, povu la muda mfupi si hoja ya kuikosoa bia.

Rangi husema zaidi. Wekundu wa rasiberi, cheri na bluberi hutokana na anthosianini, rangi asilia za matunda hayo, ambazo hung'aa na kuwa nyekundu kadiri asidi inavyozidi, na hii ndiyo sababu bia ya bluberi mara nyingi huwa na wekundu wa waridi badala ya zambarau ya ganda la tunda lenyewe. Rangi hizo hazipendi oksijeni: zikianza kuelekea kahawia kingoni mwa glasi, bia imezeeka au imeingiwa na hewa. Embe, pasheni na pichi hutoa rangi hafifu kuliko watu wanavyotarajia, kwa hiyo bia ya embe iliyopauka haijapungukiwa na embe kwa lazima. Ukungu nao utegemee mtindo, kwani rojo na ngano huufanya uwe wa kawaida.

Sasa nusa, na usinuse mara moja tu. Mara ya kwanza inusie glasi ikiwa imetulia, kwa mivuto miwili mifupi, kisha jiulize jambo moja: kipi kimetangulia kufika, tunda au asidi? Mara ya pili izungushe glasi polepole ili gesi ibebe harufu zilizokuwa zimelala, na safari hii usitafute jina la tunda pekee, bali hali yake. Tunda lililoiva lina harufu yake, lililopikwa jamu lina yake, la peremende lina yake, na kosa linalowapata wengi ni kuandika "rasiberi" na kuishia hapo. Rasiberi iliyotiwa ikiwa nzima hubeba pia harufu ya mbegu zake, yenye ubao na ukavu kidogo. Pasheni halisi ina ukali fulani wa kijani karibu na utamu wake. Na cheri zilizotiwa pamoja na kokwa huacha harufu ya lozi itokanayo na benzaldehaidi iliyomo ndani ya kokwa hizo. Ukiipata lozi hiyo katika kriek, ujue umelifikia tunda lenyewe, kokwa na vyote, na kwangu hiyo ni mojawapo ya furaha kubwa za kunusa bia. Mara ya tatu funika mdomo wa glasi kwa kiganja, zungusha, kisha ondoa kiganja na uvute hewa papo hapo. Hapo ndipo kasoro zinazojificha huwa na tabia ya kujitokeza.

Mdomoni

Funda la kwanza lisihukumiwe. Kazi yake ni kuuamsha mdomo: asidi inapougusa ulimi, tezi za mate huanza kutoa mate mengi, na mate hayo hupunguza makali ya mafunda yanayofuata. Pokea funda dogo, lizungushe mdomoni, limeze, kisha ngoja kama nusu dakika. Usinywe maji hapa, kwa kuwa maji yangekurudisha mwanzo.

Funda la pili ni la kuupima uchachu peke yake. Lieneze mdomo mzima, kwa sababu ile ramani ya zamani inayodai kwamba uchachu husikika pembeni mwa ulimi tu si sahihi. Sehemu zote za ulimi zenye vionjio huusikia. Sikiliza unavyoingia na unavyoondoka. Asidi ya laktiki huingia kwa ulaini, hujaa katikati ya mdomo na kuondoka bila purukushani. Asidi ya asetiki, yaani ya siki, huchoma kooni na hupanda puani. Ya sitriki, inayotoka kwenye malimau na jamaa zake, huingia kwa kishindo na kuisha upesi, na ya maliki, ya tufaha bichi, hukawia na kuacha ugwadu kwenye mashavu. Kwa hiyo usitosheke na kusema bia ni chachu sana au kidogo. Bia mbili zenye pH moja zinaweza kutofautiana mdomoni kama zisizojuana, moja ikiwa laini na nyingine ikikwaruza, na aina ya asidi ndiyo huwa chanzo. Kumbuka pia kwamba gesi yenyewe ina ukali wake: ukiona bia inachoma mno, izungushe glasi kwa muda ili gesi ipungue, kisha onja tena. Ukali uliopungua ulikuwa wa gesi, na uliobaki ndio wa bia.

Funda la tatu ni la tunda, na hapa pana zoezi ambalo namsihi kila mwonjaji alifanye angalau mara moja. Bana pua kwa vidole viwili, piga funda, na ulishike mdomoni kwa sekunde chache. Utasikia uchachu, utasikia utamu kama upo, pengine chumvi na uchungu kidogo, lakini hutaweza kutaja tunda. Embe na pichi vitakuwa sawa. Sasa meza, achia pua, na toa pumzi taratibu huku mdomo umefungwa. Tunda litaingia ghafla, kamili, na jina lake. Kinachotokea ni kwamba harufu husafiri kutoka nyuma ya mdomo kwenda puani, na huko ndiko tunda linakotambuliwa. Ulimi wenyewe hupokea ladha chache za msingi tu. Tangu hapo, kila unapotaka kulipima tunda katika bia, lipime kwa pumzi unayoitoa baada ya kumeza, na usilipime kwa utamu.

Nasisitiza hilo kwa sababu hapo ndipo bia nyingi nzuri huonewa. Sukari ya tunda ikishachachuka, utamu huondoka na kugeuka kileo na gesi, lakini asidi ya tunda na sehemu kubwa ya harufu yake hubaki. Mtu aliyezoea kulisikia tunda likiwa na sukari huionja kriek kavu na kusema haina cheri, ilhali cheri zimejaa tele na kilichokosekana ni sukari tu. Kama unataka kujithibitishia, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha sukari katika vijiko viwili vya maji moto, acha maji yapoe, kisha tia nusu kijiko cha maji hayo katika mililita 50 za bia kavu. Usitie sukari ya punje, kwani bia itafura na kumwagika. Onja glasi isiyo na sukari, halafu yenye sukari. Katika ile ya pili tunda litaonekana limekua na uchachu umerudi nyuma, ingawa hakuna tunda lililoongezwa wala asidi iliyoondolewa. Baadhi ya watengenezaji huutumia ujuzi huo kwa ustadi, wakiacha utamu wa kutosha tu kuliinua tunda. Wengine huutumia kuficha bia dhaifu. Ukishaufahamu ukiwa na glasi zako mbili mkononi, hutahitaji mtu akuambie ni yupi kati yao aliyepika bia unayoinywa.

Tunda pia huleta mguso, si ladha peke yake. Maganda na mbegu hutoa tanini, ambazo huleta ukakasi, ule ukavu unaoufanya ulimi usiteleze kwenye kaakaa. Ukakasi na uchachu huchanganywa mara kwa mara, kwa kuwa vyote viwili huukunja uso. Kuvitenganisha ni rahisi ukitazama mate: uchachu huyaleta, ukakasi huyakausha. Ukakasi wa kiasi huipa bia nyepesi uti wa mgongo na kulizuia tunda lisiwe la kitoto. Ukizidi, kila funda huwa zito kuliko lililotangulia, na mwisho hutamani maji.

Baada ya kumeza, hesabu muda kimyakimya. Katika bia iliyopikwa vizuri tunda na uchachu huondoka pamoja, taratibu, na hubaki kitu fulani cha bia: ngano, mkate mbichi, mbao, chumvi hafifu. Tunda likitoweka mara moja na kuuacha uchachu mtupu, halikuwahi kushikana nao. Uchachu ukiisha na kubaki utamu unaonata midomoni, umekunywa sharabu. Na kama baada ya tunda hakuna chochote kabisa, wala kimea wala ngano, basi ni halali kuuliza bia iko wapi. Naamini bia ya matunda inapaswa kuwa bia hadi dakika ya mwisho, na hiki ndicho kipengele ninachokipa alama nyingi kuliko vyote.

Kasoro za kuzitambua

Siki kidogo hukubalika katika bia nyekundu za Flanders, eneo la Ubelgiji, zilizokaa kwenye mapipa ya mwaloni, na huzipa uhai. Siki ikiwa kali kiasi cha kuchoma koo, au ikifuatana na harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, hewa ilipata njia. Harufu ya siagi ni ya daiasetili, kemikali inayotokea bia inapochachuka, na ya mahindi yaliyochemshwa huonyesha kwamba maji ya kimea hayakuchemshwa ipasavyo. Harufu ya matapishi hutokana na asidi ya butiriki, ambayo hupatikana pale uchachushaji wa bakteria unapoingiliwa na vijidudu wasiotakiwa. Nayo haina msamaha katika mtindo wowote. Karatasi iliyolowa ni dalili ya uzee na oksijeni.

Kasoro moja huwahadaa hata wenye uzoefu, kwa sababu haisikiki puani wala mwanzoni mwa funda. Bia huonekana safi kabisa, kisha sekunde kadhaa baada ya kumeza huja ladha ya bisi za kale, ya nafaka mbichi, au ya kizimba cha panya. Viini vyake haviruki vikiwa ndani ya asidi nyingi. Mate yanapoipunguza asidi ndipo vinapoachiliwa na kufika puani. Si watu wote wanaoisikia kwa kiwango kimoja, hivyo mwenzako akisema haioni usibishane naye. Hutokea zaidi katika bia zenye Brettanomyces ambazo bado ni changa, na mara nyingi hufifia chupa ikiachwa itulie kwa miezi kadhaa.

Ukionja zaidi ya moja

Anza na nyepesi na kavu, endelea na zenye chumvi au tunda la wastani, na malizia na nzito, tamu na zile za mapipani zenye nguvu. Ukitanguliza ile yenye laktosi, kavu itakayofuata itaonekana kama limau tupu, na utakuwa umeionea. Nne zinatosha kwa kikao kimoja, kwani baada ya hapo asidi huuchosha mdomo na hukumu hupoteza maana. Kati ya bia na bia, tafuna mkate, kunywa maji na pumzika dakika chache. Ukihitaji kuendesha gari baadaye, tema kama wafanyavyo waonjaji wa mvinyo, huku ukikumbuka kwamba hata anayetema hufyonza kileo kidogo. Na wajawazito pamoja na walio chini ya umri wa kisheria hawana nafasi katika kikao hiki.

Meno nayo yatazamwe. Bia hizi zina asidi ya kutosha kulainisha tabaka la nje la jino, kwa hiyo usiishikilie bia mdomoni kwa dakika nzima, sukutua kwa maji ukimaliza, na usipige mswaki mpaka ipite nusu saa au zaidi, maana mswaki ungelikwangua tabaka hilo likiwa bado laini.

Andika wakati glasi ingali mbele yako. Alama ya jumla haina faida kubwa. Andika aina ya asidi uliyoisikia, hali ya tunda, kilichobaki baada ya kumeza na kwa muda gani, na joto la bia ulipoanza na ulipomaliza, kwa sababu bia ileile hubadilika sana kati ya nyuzi 7 na 14. Andika pia tarehe ya kufungashwa. Bia za njia ya haraka hupoteza harufu ya tunda mapema, kwa hiyo zinywe zingali mpya na zisitoke kwenye baridi. Kriek na ndugu zake wa mapipani hustahimili miaka, ila cheri hupungua na Brettanomyces huzidi kusikika. Ukizipata chupa mbili za aina moja, fungua moja leo, ilaze nyingine mahali penye ubaridi na giza kwa mwaka mzima, kisha uionje ukiwa na maandishi ya ile ya kwanza mkononi.